Wajane Sita, Theluthi Moja: Uchambuzi wa Kesi ya Mirathi ya Choo Eng Choon

Choo Eng Choon alikufa Singapore bila kuacha wosia, na baada ya kuzikwa wakajitokeza wanawake sita, kila mmoja akisema yeye ni mjane wake. Shauri lao lilipanda hadi Mahakama ya Rufani ya Makoloni ya Mlangobahari, yaani Penang, Malaka na Singapore zilipokuwa chini ya Waingereza, likachapishwa katika taarifa za mashauri za koloni hilo kwa mwaka 1908. Jina lake la kimahakama ni Choo Ang Chee dhidi ya Neo Chan Neo, lakini wanasheria wa huko hulijua zaidi kwa jina la Kesi ya Wajane Sita. Swali lililofikishwa mbele ya majaji lilikuwa la fedha: nani apewe fungu katika urithi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba jibu lililotafutwa kwa ajili ya fedha ndilo lililokuja kuamua, kwa zaidi ya miaka 50, nani ni mke, nani ni hawara, na ugoni ni kitu gani miongoni mwa Wachina wa koloni hilo, ingawa hayo hayakuwa yameulizwa.

Tuanze na sheria yenyewe. Hati ya Haki ya 1826 iliingiza katika makoloni hayo sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa wakati huo, kwa sharti kwamba itumike kadiri hali ya mahali na ya wakazi wake inavyoruhusu. Waislamu walitungiwa sheria yao ya ndoa mwaka 1880. Wachina, ambao walikuwa ndio wengi wa wakazi wa Singapore, hawakutungiwa chochote, kwa hiyo Mchina aliyekufa bila wosia mali yake iligawanywa kwa Sheria ya Ugawaji ya 1670, iliyotungwa na Bunge la Uingereza enzi za Mfalme Charles wa Pili. Sheria hiyo ilisema kwamba mjane wa marehemu mwenye watoto hupata theluthi moja ya mali na watoto hugawana theluthi mbili zilizobaki. Ikiwa hakuna watoto, mjane hupata nusu. Neno lililotumika ni la umoja, mke, kwa sababu waliolitunga hawakuwa na haja ya kuwaza wingi wake.

Upande wa pili ulikuwa na mila ya China, na hapa inafaa kwenda taratibu, maana kisa chote kimejengwa juu ya maneno mawili ambayo mahakama ziliyaandika kwa matamshi ya kusini mwa China: t'sai na t'sip. T'sai ni mke aliyeolewa kwa barua, posa, zawadi na siku iliyochaguliwa kwa kalenda, akachukuliwa kwa machela nyekundu hadi nyumbani kwa mume, akasujudu pamoja naye mbele ya vibao vya mababu. Huyo huwa mmoja tu. Kanuni ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China wakati huo, ilikuwa wazi katika hili: mwenye mke akioa t'sai mwingine hupigwa fimbo 90 na ndoa hiyo ya pili huvunjwa, na anayempandisha t'sip kuwa t'sai wakati t'sai yu hai naye hupigwa fimbo 90, ilhali anayemshusha t'sai kuwa t'sip hupigwa 100. T'sip aliingia nyumbani kwa njia fupi zaidi. Desturi iliyozoeleka ni kwamba alipiga magoti akampa t'sai kikombe cha chai, na t'sai kukipokea na kukinywa ndiko kulikomkubalisha ndani ya nyumba. Watoto atakaowazaa ni watoto halali wa baba yao, lakini mama yao rasmi ni t'sai.

Msomaji wa pwani yetu atatafuta neno la Kiswahili la kumwita huyu t'sip, na hatalipata kirahisi. Suria halifai, kwa kuwa suria wa kale alikuwa mtumwa na hakuwa mke, wakati t'sip angeweza kutoka katika familia huru. Mke wa pili nalo halifai, kwa kuwa mke wa pili kwetu ana haki sawa na wa kwanza, na ndoa yake hufungwa kwa namna ile ile. Nitasema bi mkubwa na bi mdogo, kwa kukumbuka kwamba kwetu maneno haya hutaja nani alitangulia, na kule China tofauti ilikuwa ya daraja kabisa: bi mdogo hakuweza kuwa bi mkubwa kwa kuishi miaka mingi ndani ya nyumba.

Kuhusu ugoni, mila hiyo ilimtazama mwanamke. Kanuni ya Qing iliadhibu zinaa ya hiari kwa fimbo 80, na mwanamke akiwa na mume zilipanda kuwa 90. Mume aliyemfumania mkewe na mgoni wake akawaua wote wawili papo hapo hakuadhibiwa. Uzinifu ulikuwa miongoni mwa sababu saba za kumwacha mke, pamoja na kutozaa mwana wa kiume, kutowatumikia wakwe, umbeya, wizi, maradhi mabaya na wivu. Wivu hapo una maana mahususi: bi mkubwa anayemchukia bi mdogo alikuwa ametoa sababu ya kuachwa. Mke alikuwa na kinga tatu dhidi ya talaka, nazo ni kuwa amewahi kuomboleza wazazi wa mumewe, kuwa aliolewa mume akiwa maskini na sasa ni tajiri, au kutokuwa na kwao pa kurudi. Kinga hizo zote zilianguka ikiwa kosa ni uzinifu.

Basi wanawake sita wakafika mahakamani. Majina ya kike katika mashauri ya namna hii mara nyingi huishia na neno Neo, ambalo ni heshima waliyopewa wanawake wa jamii za Wachina waliozaliwa huko Mlangobahari na kuchanganya mila za Kichina na za Kimalay, na hilo pekee linatosha kutahadharisha kwamba kuwapima kwa kanuni ya Beijing kulikuwa na walakini tangu mwanzo. Hoja dhidi ya mabi wadogo ilikuwa nzito na haikuwa ya kubuni: sheria ya China yenyewe inatambua mke mmoja, kwa hiyo anayestahili kuitwa mjane katika sheria ya 1670 ni t'sai peke yake, na wengine, hata wakiheshimiwa vipi nyumbani, wanabaki nje ya theluthi. Hoja ya upande wa pili iliegemea uamuzi wa 1867 katika mirathi ya Lao Leong An, ambapo Jaji Mkuu Sir Benson Maxwell alimkubali mke mdogo kuwa mrithi sawa na mkubwa. Kwa mtazamo huo, ndoa ya Kichina ni ndoa ya wake wengi, na sheria ya Uingereza ingeleta dhulma kama ingewatupa nje watu ambao mila yao inawapa hadhi halali ndani ya familia.

Mahakama ya Rufani ilifuata njia ya 1867. Ilishika kwamba ndoa za Wachina ni za wake wengi, kwamba t'sip ni mke kwa makusudi ya Sheria ya Ugawaji, na kwamba wajane waliothibitisha ndoa zao watagawana theluthi moja kwa usawa. Neno mke katika sheria ya Charles wa Pili likasomwa kama wake.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si wa mali halisi ya marehemu. Mali ikiwa dola 90,000 na watoto wapo, theluthi ya wajane ni dola 30,000. Akithibitika mmoja, anaondoka na zote. Wakithibitika watatu, kila mmoja anapata 10,000. Wakithibitika sita, ni 5,000 kila mmoja, yaani sehemu moja ya kumi na nane ya mali yote. Kila mwanamke alikuwa na faida ya moja kwa moja katika kumwangusha mwenzake, na vita havikuishia hapo, kwa sababu mama akikubaliwa kuwa mke watoto wake wanakuwa halali na kuingia katika zile theluthi mbili, wana na mabinti kwa usawa. Ukewenza ambao marehemu aliuendesha kimya kimya, pengine katika nyumba tofauti, uligeuka mara moja kuwa madai yanayokula kila moja kipande cha jingine. Msomaji aliyezoea faraidhi ataona mgawanyo wenyewe si wa kigeni, kwani wake wa marehemu mwenye watoto hugawana thumni kwa usawa wawe mmoja au wanne. Tofauti ni kwamba faraidhi inajua idadi ya juu na inajua ndoa inathibitishwaje. Mahakama ya Singapore haikuweka idadi, na kuhusu uthibitisho ilikuwa ndiyo kwanza inajifunza.

Mimi nauona uamuzi huu kuwa wa huruma na wa makosa kwa wakati mmoja. Ni wa huruma kwa kuwa haukuwaacha mikono mitupu wanawake waliokaa na mtu miaka mingi wakijua na kujulikana kuwa wake zake. Makosa yake ni kwamba ulidai kuheshimu mila ya Kichina huku ukiivunja katika jambo lililo moyo wake. Katika China ya Qing hakuna mahali ambapo t'sai na t'sip walikuwa sawa, na wala mjane hakupata fungu lake binafsi la kuondoka nalo. Mwenye wana alikaa na mali kama mlinzi wa wanawe, na mabinti kwa kawaida hawakurithi kitu. Uingereza nayo isingemtambua bi mdogo hata kwa kumtazama. Kwa kuchanganya viwili hivi mahakama ilizaa kitu cha tatu, ndoa ambayo haikuwako London wala Canton: wake wasio na idadi, wote sawa, kila mmoja na haki yake ya fedha taslimu. Bi mkubwa ndiye aliyepoteza, na alipoteza kwa jina la mila yake mwenyewe.

Kilichofuata ni swali la ushahidi, na hapa ndipo uamuzi wa 1908 ulipoanza kuota mizizi isiyotarajiwa. Ikiwa t'sip ni mke, basi alikuwa mke tangu lini, na kwa kitendo gani? Katika mashauri ya aina hii majaji walisikiliza habari za nani aliishi nyumba ya familia, nani alivaa nguo ya katani siku ya maziko, nani aliitwa mama mdogo na watoto wa bi mkubwa, na kile kikombe cha chai kilinywewa au hakikunywewa. Mwaka 1920 Baraza la Faragha huko London, mahakama ya mwisho ya rufani kwa makoloni, likiamua rufani kutoka Penang baina ya Cheang Thye Phin na Tan Ah Loy, lilikubali kwamba kwa t'sip hakuna sherehe iliyo ya lazima. Ndoa inaweza kudhihirika kwa nia ya wahusika, kukaa pamoja na sifa yao mbele ya watu. Kikombe cha chai kikawa kimetolewa mezani.

Matokeo yake kwa ugoni ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Tofauti baina ya mke mdogo na hawara sasa ilikuwa nia, na nia ya mwanamume mara nyingi ilitafutwa akiwa amekwisha kufa. Mwanamume mwenye bi mkubwa aliyeanza kulala kwa mwanamke mwingine mtaa wa pili alikuwa anazini au alikuwa anaoa? Mahakama ingelijibu swali hilo baadaye, kwa kutazama nyuma, na jibu likiwa kwamba alikuwa anaoa, ugoni wote ule hufutika kana kwamba haukutokea. Kwa mume wa Kichina, basi, ugoni ulikuwa karibu hauna maana ya kisheria. Kwa mke hali ilikuwa nyingine.

Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 ilikuwa na vifungu viwili vinavyohusu mambo haya. Kifungu cha 497 kilimwadhibu mgoni kwa kifungo cha hadi miaka mitano, mwanamke akiachwa bila adhabu, na kosa likikosekana ikiwa mume aliridhia. Kifungu cha 498 kilimwadhibu kwa hadi miaka miwili mtu anayemchukua, kumshawishi, kumficha au kumzuia mke wa mtu mwingine kwa nia ya kumwingiza katika mapenzi haramu. Makoloni ya Mlangobahari yalipojitungia kanuni yake mwaka 1871 kwa kuiga ile ya India, yaliacha 497 na kubakiza 498. Kwa hiyo Singapore kulala na mke wa mtu hakukuwa jinai, ila kumtorosha kulikuwa jinai, na kosa lilihesabiwa kuwa dhidi ya mume. Ile ruhusa ya Qing ya kuua papo hapo haikuwako kabisa: mume aliyewaua wagoni alishitakiwa kwa kuua, na fumanizi lingemsaidia tu kupunguza uzito wa kosa kwa hoja ya kughadhibishwa ghafla.

Ukishasema bi mdogo ni mke katika mirathi, ni vigumu kusema si mke wa mtu katika kifungu cha 498. Hata hivyo sheria ya ushahidi, nayo ikifuata ile ya India ya 1872, iliweka ukuta mahali pale pale. Katika shauri la madai, maoni na mwenendo wa jamaa wanaomfahamu mtu uliweza kutumika kuonyesha kwamba ameoa. Katika mashitaka ya kuoa mara mbili au ya kumtorosha mke wa mtu, maoni hayo hayakutosha kuthibitisha ndoa, na ulihitajika ushahidi wa ndoa yenyewe. Sasa chukua t'sip ambaye ndoa yake, kwa uamuzi wa 1920, haikuwa na sherehe yoyote bali sifa mbele za watu. Mbele ya jaji wa mirathi sifa hiyo inamfanya mke na kumpa fungu. Mbele ya jaji wa jinai, mwanamke yule yule, katika nyumba ile ile, na majirani wale wale, huenda asiwe mke wa mtu yeyote. Naiona hali hii kuwa kiini cha tatizo zima, kwa sababu inaonyesha kwamba majaji hawakuwa wamegundua mila ilisema nini. Walikuwa wametengeneza jibu la chumba kimoja cha mahakama, na halikufaa chumba cha pili.

Mwanamke mwenyewe hakuwa na pa kulalamikia. Sheria ya talaka ya 1910 haikufungua mlango kwa ndoa za kimila za Kichina, kwa kuwa mahakama za Kiingereza tangu shauri la Hyde mwaka 1866 zilikataa kuivunja ndoa inayoruhusu wake wengi kwa taratibu zilizotungwa kwa ajili ya ndoa ya mke mmoja. Mke ambaye mumewe alileta wengine watano hakuweza kwenda kwa jaji kusema mume wangu ni mgoni. Alitambuliwa kuwa mke kwa ukamilifu siku mume alipokufa.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna jambo jingine la kutazamwa. Miaka tisa baada ya kesi hii, mwaka 1917, katika shauri la Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton wa himaya ambayo sasa ni Kenya aliulizwa kama mwanamke aliyeolewa kwa mila za Kiafrika angeweza kuhesabiwa mke katika sheria ya ushahidi, ile ile ya India, inayolinda mazungumzo ya mume na mke yasitolewe mahakamani. Alikataa, akisema kwamba muungano huo ulistahili zaidi kuitwa ununuzi wa mke kuliko ndoa. Dola ni ile ile, sheria ya ushahidi imetoka chimbuko lile lile, na katika pande zote mbili swali ni ndoa ya kimila inayoruhusu wake wengi. Nadhani sababu moja ya tofauti ni elimu ya Kiingereza juu ya China, kwa kuwa kanuni ya Qing ilikuwa imekwisha tafsiriwa na George Staunton tangu 1810 na majaji waliweza kuishika mkononi. Sababu nyingine ni mali. Wafanyabiashara wa Kichina wa Singapore waliacha majumba, hisa na mashamba, na koloni lisingeweza kukaa bila kujua nani anarithi.

Serikali ilijaribu kuurekebisha utata huu. Kamati ya ndoa za Kichina ya mwaka 1926 ilikuta kwamba Wachina wenyewe hawakubaliani ni sherehe ipi iliyo ya lazima, na sheria ya ndoa za serikali ya 1940 ilimpa anayetaka nafasi ya kuoa mke mmoja bila kuwagusa wengine. Ukewenza ulikomeshwa kwa wasio Waislamu na Mkataba wa Wanawake, ambao ni sheria ya ndoa na familia, ulioanza kutumika Singapore tarehe 15 Septemba 1961, na hata hapo t'sip waliokwisha kuolewa waliachwa na hadhi yao, kwa hiyo mashauri ya wajane yaliendelea kusikilizwa miaka mingi baadaye kadiri waume wa zamani walivyokuwa wakifa. Kifungu cha 498 kilidumu kuliko ndoa nyingi za namna hiyo. Singapore ilikifuta kuanzia tarehe 1 Januari 2020, na Malaysia, ambako Penang na Malaka zimo, Mahakama ya Shirikisho ilikitamka Desemba 2023 kuwa kinyume cha katiba, kwa kuwa kilimpa mume nafasi ya kulalamikia kutoroshewa mke, na mke hakupewa nafasi kama hiyo juu ya mumewe.